Mtihani wa Kyungu na Kabange

Clotilde Mwanza alipopiga hodi nyumbani kwa Gaston Monga, katika mtaa wa wafanyakazi wa reli, alikuwa amejiandaa kwa machozi. Kicheko hakukitazamia.

Kazi yake ilikuwa kupima akili za watoto. Alikuwa amesomea saikolojia Lubumbashi, kisha akarudi Kamina alikozaliwa, na sasa aliongoza mradi uliotafuta watoto wa kusomeshwa bure katika shule ya bweni. Kila mwaka watoto wa darasa la sita walikaa mmoja mmoja mbele ya mpimaji, wakajibu maswali, wakapanga picha, na mwisho ikatoka namba. Wenye namba kubwa walikwenda bweni. Wenye namba ndogo sana, shule ilishauriwa iwatie katika darasa la pembeni, waende polepole. Clotilde aliiamini namba ile kwa moyo wote. Mwalimu anaweza kumpendelea mtoto wa rafiki yake, alikuwa akisema, na mzazi anaweza kumsifu mwanawe kupita kiasi, lakini namba haimjui mtu.

Jumatatu ya wiki hiyo walikuwa wamepima wanafunzi wa shule moja iliyo karibu na stesheni. Clotilde alikaa chumba kimoja, msaidizi wake Edmond chumba kingine. Miongoni mwa watoto hao walikuwamo mapacha wa Gaston, wasichana walioitwa kama mapacha wa Kiluba wanavyoitwa siku zote: aliyetangulia Kyungu, aliyefuata Kabange. Kyungu alipita kwa Clotilde asubuhi, akapata mia na ishirini na moja. Kabange alipita kwa Edmond baada ya adhuhuri, akapata sitini na nane.

Clotilde alizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Sura moja, tumbo moja, wanakula chungu kimoja, na tofauti kubwa kiasi hicho! Hata hivyo hakukishuku kipimo. Alishuku kuzaliwa: pengine yule wa pili alikawia kutoka, akapungukiwa na hewa. Dhana hiyo alikwisha kuiandika katika ripoti, kwa maneno mazuri ya kitaalamu, na alipomaliza kuiandika alijisikia mtu mwenye maarifa.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao sebuleni kwa Gaston. Gaston, aliyefanya kazi ya kugeuza njia za treni pale stesheni, alikuwa bado amevaa sare. Mkewe Dorothée aliweka chai mezani. Kabange alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, akimenya karanga. Kyungu alikuwa nyuma ya nyumba, akifua.

"Papa Gaston, mama Dorothée," Clotilde alianza, "Kyungu alifanya muzuri. Muzuri sana. Iko kati ya batoto ba kwanza mu Kamina yote."

Dorothée alipiga makofi, akamshukuru Mungu kwa Kiluba. Gaston alimgeukia Kabange pale mkekani.

"Na Kabange?"

Clotilde alishusha sauti. "Kabange, papa, matokeo yake iko chini. Chini sana. Haiko kosa yake. Kuko batoto benye akili yabo inaenda polepole. Tuliona heri abadilishe kilashi."

Hapo ndipo Dorothée alipocheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, kilikuwa cha mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha ndani ya kabati lake.

"Madame, ni mutihani gani ile Kabange alifanya?"

"Ile ya lundi, mama. Kyungu asubui, Kabange kisha midi."

"Lundi? Lundi Kabange alikuwa ku hopitali, na maji ya sérum mu mukono! Malaria ilimukamata tangu dimanche. Minyi mwenyewe nilimubeba ku mugongo, nikakaa naye paka magaribi."

Clotilde alikwisha kuwaona wazazi wakikataa matokeo. Wengine hulia, wengine huwalaumu walimu, wengine husema mtoto alirogwa. Akajibu kwa upole uleule aliofundishwa: "Mama, ninaelewa ni nguvu kusikia. Lakini mutoto alikuya. Jina yake iko, alama yake iko."

"Kabange, leta mukono."

Msichana aliinuka, akanyoosha mkono. Kwenye kiwiko, chini ya ngozi, palikuwa na doa la zambarau mahali sindano ilipokaa, na alama ya plasta ambayo sabuni ilikuwa haijaiondoa. Alikuwa bado mwembamba wa homa. Alimtazama Clotilde usoni bila woga wowote, na Clotilde akatambua kwamba msichana huyu hajawahi kumwona maishani, hata kwa mbali uani pa shule siku ya mtihani. Alikuwa akimtazama kama mgeni anavyotazamwa.

"Madame, minyi sikufanya mutihani," Kabange alisema. "Walinipa namba ngapi?"

Gaston aligeuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba, akaita kwa sauti iliyofanya kuku watawanyike.

"Kyungu!"

Kyungu alikuja na mikono yenye povu. Aliona nyuso zao, akamwona Clotilde, na kabla hajaulizwa lolote alianza kulia.

"Balisema ule atakosa lundi, jina yake itatoka mu liste," alisema kati ya kwikwi. "Kabange alikuwa mugonjwa. Shiye ni mapasa, papa. Hatuendaka mumoja mumoja. Nilimaliza yangu asubui, nikarudia ku nyumba, nikavaa robe ya Kabange, nikaenda ku chumba ya ule papa mwingine."

Gaston alisimama. Dorothée alimshika mkono wa shati, akamkalisha tena. Clotilde hakuwaona. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwake.

"Weye njo ulijibu mara mbili?" aliuliza.

"Ndiyo, madame. Munisamehe."

"Na mara ya pili, ulijikosesha? Ulijibu mubaya kusudi, juu basijue?"

Kyungu aliacha kulia kwa mshangao. "Hapana! Nilitaka apite. Maulizo yote nilikuwa nimeyaona asubui. Nilifikiri Kabange atanipita."

Maneno hayo ndiyo yaliyomvunja Clotilde. Uongo wa mtoto angeweza kuuvumilia, maana uongo ule ulitokana na upendo, na ulikuwa na adhabu yake. Lakini kichwa kilekile, siku ileile, kikiwa tayari kimeyaona maswali, kilikuwa kimepewa alama ya mtoto hodari na alama ya mtoto wa kuwekwa pembeni. Na yeye alikwisha kueleza sababu! Alikwisha kuandika juu ya hewa iliyopungua tumboni! Alijaribu kuweka kikombe mezani, kikagonga ukingo, chai ikamwagika juu ya kitambaa cha Dorothée, naye akabaki anaitazama ikienea.

"Kulikuwa nini kule?" aliuliza hatimaye. "Mu chumba ya papa Edmond. Uniambie yote."

Kyungu alipangusa pua. Kwa Clotilde, alisema, aliulizwa kwanza kama amekula. Aliposhindwa kuelewa swali, Clotilde alilirudia kwa Kiluba. Kwa Edmond kila kitu kilikuwa Kifaransa, tena cha haraka. Alipoomba swali lirudiwe, Edmond alitikisa kichwa, akabonyeza saa. Nje ya dirisha injini ya dizeli ilikuwa ikisukuma mabehewa, na maneno mengine hakuyasikia kabisa. Tena aliogopa kutambuliwa.

Clotilde aliaga bila kukumbuka kuaga vizuri. Njiani mwenye baiskeli ya makaa alimpigia kengele mara kadhaa ndipo akaondoka katikati ya barabara.

Kesho yake asubuhi alimweleza Edmond, naye Edmond akafunga daftari lake. Alikuwa kijana makini, mwenye kalamu zilizochongwa vizuri, ambaye hajawahi kuchelewa kazini.

"Haiwezekane," alisema.

"Iliwezekana. Leta zile karatasi mbili."

Waliziweka ubavu kwa ubavu. Kulikuwa na swali lenye picha za boti, treni, pikipiki na ng'ombe: kipi si cha kundi hili? Asubuhi Kyungu alijibu "boti, juu yake inaendaka mu mayi." Clotilde aliona jibu lina sababu, akampa alama. Mchana Kyungu alijibu vilevile, boti. Edmond alimpa sifuri, kwa kuwa kitabu cha maelekezo kilisema ng'ombe. Picha nyingine ilionyesha beseni kubwa la kuogea, ikauliza kimepungua nini. Asubuhi Clotilde alimweleza kwanza kwamba katika nyumba fulani maji hutoka kwenye bomba juu ya beseni hilo, na msichana akaona mara moja kwamba bomba halipo. Mchana, kwenye picha ileile, mkono wa Edmond uliandika: hakujibu.

"Lakini jibu alikuwa analijua," Clotilde alisema.

"Nilimwita Kabange, madame. Hakuinua kichwa. Nilifikiri hajui." Edmond alifungua kitabu cha maelekezo. "Minyi nilifuata kitabu. Neno kwa neno. Weye njo ulitoka mu kitabu."

Alisema kweli, na Clotilde alilijua hilo kabla hajamaliza kusema. Huruma yake ilikuwa imewafaa watoto wa Kiluba peke yao. Katika mtaa wa reli walikuwamo watoto ambao wazazi wao walitoka Kasai, na wengine kutoka mbali zaidi. Hao alikuwa hajui lugha ya kwao, na Kiswahili hakukiona kuwa lugha ya mtihani, kwa hiyo aliwaacha na Kifaransa, akawapa namba, akaweka sahihi. Miaka yote alikuwa ameiita huruma ile wema. Kumbe alikuwa akiwasogezea baadhi ya watoto ngazi, na wengine akiwaacha warukie ukuta.

"Tusahihishe tena," alisema. "Weye usahihishe zangu, minyi zako. Tufunike alama za zamani."

Walifanya hivyo hadi jua likazunguka upande wa pili wa jengo. Kila walipofunua alama za kwanza, Edmond alikuwa akishika kichwa. Mtoto mmoja alipanda, mwingine akashuka, mwingine, ambaye kalamu ya kwanza ilimvusha mstari wa kwenda bweni, ya pili ikamrudisha chini yake. Ni wachache tu waliobaki karibu na pale walipokuwa.

Clotilde alimpigia simu mkurugenzi wao, Maurice, aliyekuwa Lubumbashi. Maurice alisikiliza, akaguna.

"Mutoto alidanganya. Utoe jina yake, basi. Bengine babaki."

"Papa Maurice, kama kichwa kimoja kinapata namba mbili siku moja, bale bengine namba yabo tutaiamini namna gani? Bo hawana mapasa wa kutuonyesha."

"Wazazi banakungojea vendredi. Usome liste."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Watu walivaa nguo za kanisani. Mbele kabisa alikaa Nkongolo, mwanajeshi aliyetoka na familia yake yote huko Base, kambi ya jeshi nje ya mji, maana walikwisha kunong'onezewa kwamba mwanawe ni wa kwanza. Dorothée na Gaston walisimama nyuma, karibu na mlango, kama watu waliojiandaa kuaibishwa.

Clotilde alisimama, na badala ya kusoma majina alisema kwamba hatasoma majina. Alieleza kilichotokea bila kumtaja Kyungu. Alisema vyumba havikuwa sawa, lugha haikuwa sawa, wasahihishaji hawakuwa sawa, na kwa hiyo namba zile hawezi kuwaapia. Alisema kosa ni la wapimaji.

Nkongolo aliinuka. "Mutoto wangu alipita, madame! Sasa munamunyanganya?"

"Pengine alipita kweli, papa. Pengine atapita tena. Lakini leo siwezi kusema ninajua."

"Basi ulikuwa unafanya kazi gani hapa?"

Kelele zilipanda. Wengine walisema amehongwa, wengine walisema mradi hauna pesa na unatafuta njia ya kukimbia. Clotilde aliyatarajia hayo, akayastahimili. Hakutarajia sauti iliyofuata. Ilikuwa sauti ya chini ya Mwila, mwanamke aliyeuza samaki wakavu wa Bukama sokoni, ambaye mwaka huo hakuwa na mtoto kati ya waliopimwa.

"Madame, na bale ba mwaka ilipita?"

Mwila hakungoja ajibiwe.

"Jérémy wangu mulimupima mwaka ilipita. Mulisema akili yake iko kidogo. Mwalimu akasoma namba yake mbele ya benzake, bakaanza kumuita Soixante, ni kusema Sitini. Ku njia, Soixante. Ku mayi, Soixante. Akaacha masomo. Iko ku Kaniama, anachunga ngombe ya ndugu yangu." Mwila hakupandisha sauti hata kidogo. "Minyi niliamini. Nilimupiga juu ya uvivu, kisha nikaacha kumupiga, nikasema ni Mungu alimuumba vile. Sasa unasema hamukujua?"

Watu wote waligeuka kumtazama Mwila, kisha wakageuka kumtazama Clotilde. Hata Nkongolo alikaa chini.

"Hatukujua, mama," Clotilde alisema.

Maurice alikuja kutoka Lubumbashi akiwa na hasira, akamtoa Clotilde kwenye uongozi. Lakini habari zilikuwa zimesambaa, na walimu wenyewe walikataa kupokea majina. Ikabidi kazi ianze upya, na aliyeijua kazi alikuwa Clotilde. Yeye na Edmond waliyaondoa maswali yaliyodai mtoto awe ameishi katika nyumba fulani ndipo ajibu. Waliyaweka maelezo katika Kiluba, Kiswahili na Kifaransa, wakawauliza wazee wa kila lugha kama yanasema kitu kilekile. Vyumba vya mtihani walivihamishia mbali na stesheni. Kila mtoto alipewa mifano ya kujizoeza kabla ya kuanza, na kila karatasi ilisahihishwa na watu wawili ambao hawakuona alama za mwenzao wala jina la mtoto. Kisha waliwapima tena baadhi ya watoto baada ya siku kupita, kuona kama namba inakaa. Ilikaa karibu, si palepale. Basi Clotilde akaacha kuandika namba moja, akaandika kutoka hapa hadi hapa, na chini yake akaeleza mtoto alikuwa katika hali gani siku hiyo.

Mtoto wa Nkongolo alipita. Wengine watatu waliokuwa wameandikwa mwanzo hawakupita, na wazazi wao hawamsalimii Clotilde hadi leo. Mapacha walipata karibu sawa, Kabange juu kidogo ya dada yake. Hawakuwa maajabu, walikuwa watoto wazuri wa darasani, na mstari wa bweni ulipita juu ya vichwa vyao wote wawili. Kyungu alipoambiwa kwamba hataenda bweni, aliuliza tu: "Shiye wote?" Alipohakikishiwa kwamba wote, akaridhika.

Wakati wa likizo Clotilde alipanda pikipiki hadi Kaniama. Hakubeba karatasi wala saa. Alimkuta Jérémy kando ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, ng'ombe wakila mabua. Alikuwa amerefuka. Alimtazama mgeni kwa kukunja uso, macho yakiwa membamba kama ya mtu anayetazama jua, ingawa jua lilikuwa mgongoni kwake.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni madame Clotilde. Wa Kamina."

Kijana alirudi nyuma hatua moja. "Mulikuya kunipima tena?"

"Hapana. Nilikuya kuomba lusamu, unisamehe. Mutihani yetu haikuwa ya kuaminiwa."

Jérémy alifikiri. "Weye njo ulinipima," alisema. "Haikuwa ule papa. Ni weye. Nilikuambia zile picha ziko kama moshi. Ukasema, jibu tu, usiogope."

Clotilde alimtazama tena namna alivyokunja macho. Alinyoosha kidole kuelekea ng'ombe aliyekuwa mbali kidogo, akamuuliza ana rangi gani. Jérémy alisema hajui, akisogea ndiyo atajua. Clotilde alijaribu kuikumbuka siku ile, uso wa mtoto huyu mbele ya meza yake, neno moshi. Hakukumbuka chochote. Alikuwa amepima watoto wengi wiki hiyo, na alikuwa ameongea nao wote kwa upole.

Alikaa chini kwenye mabua, mahali alipokuwa, na sketi yake safi ikajaa vumbi. Jérémy aliona aibu kumwona mtu mkubwa amekaa vile, akamletea maji katika kopo.

Mjomba alikubali kijana arudi Kamina. Daktari wa macho alipopita hospitalini, Jérémy alipewa miwani, na mwaka wa shule ulipoanza alirudi darasani, mrefu kuliko wenzake wote, mwalimu akiwa mwingine. Hakuna aliyempima tena akili. Mwila anaendelea kuuza samaki sokoni. Clotilde akipita huwa ananunua, na Mwila anamchagulia wazuri kama anavyomchagulia mnunuzi yeyote, anawafunga, anampa. Juu ya Jérémy hajamwambia neno, na Clotilde hajathubutu kuuliza.